Sauti ya Dovie Jikoni

Mtaa wa Cypress 14,
Landry Point, Texas.
9 Oktoba 1998

Mpendwa kaka Harlan,

Hujambo huko Alaska na baridi yako? Na mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ila Mama anasahausahau. Jana kaniita kwa jina la paka!

Wale watu wa filamu ya dada yetu Dovie wamefika. Nyumba wameirudisha ilivyokuwa zamani, hata gitaa lake wameliegemeza palepale mlangoni. Na mji huu uliomcheka shuleni sasa umetundika picha yake hadi duka la nyama. Miaka ishirini na saba kaburini, ndiyo wanajua alikuwa na sauti. Wananiudhi kweli.

Jumanne mchana yule mwigizaji wao anayemwigiza Dovie, Corinne, alikuwa jikoni, wigi kichwani, akijaribu kuimba wimbo wa bluzi wa Dovie. Kaka, nywele zilinisimama. Ule mkwaruzo wa koo ulikuwa wa Dovie kabisa. Mama akatoka chumbani na mkongojo.

"We mtoto, ndiyo unarudi saa hizi? Supu ya kamba imeshapoa!" Kisha akaangua kilio. "Nisamehe, Dovie. Ulipopiga simu kutoka hotelini, nilisema iachwe ilie."

Corinne akamshika mikono. "Yamekwisha, Mama. Sina kinyongo."

Kumbe kamera ilikuwa imewashwa. Mwongozaji anataka filamu iishie hapo, na bila saini zetu sisi wawili, mimi na wewe, hawezi.

Tangu siku hiyo Mama analala, anakula. Lakini aliyemsamehe si Dovie.

Nikwambie la moyoni. Mama alisema iachwe ilie, lakini niliyekaa karibu na simu ni mimi. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Nilimwonea Dovie wivu, nikasubiri mpaka ikanyamaza. Asubuhi tukaletewa habari kwamba amekufa.

Juzi nikagonga mlango wa Corinne, ili nami nisamehewe. Akafungua, wigi kaliacha kitini, nywele zake fupi. "Karibu, Bi Opal. Kuna tatizo?" Mtoto wa watu tu. Nikamuuliza kama atakula supu.

Mimi sisaini. Mama ameupata msamaha wake, ubaki humu ndani. Nawe usisaini, nakuomba.

Msalimie wifi Lucille na wanao. Mungu awafunike huko kwenye theluji.

Nikikupigia simu, kaka, hata saa mbaya, ipokee.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka,
Opal