Kuntai Hajarudi

Jumamosi, 2 Septemba 2000
Mgao wa stima tena. Shoo zetu za Nairobi zimesimama, sijui hadi lini. Mke wangu Lorine amechoka kuniona hapa Kitengela nikisoma skripti za zamani. Basi nimejiandikisha na kanisa, kugawa chakula cha msaada Kajiado, ukame umezidi. Pasta alifurahi — Khisa wa drama! Utachangamsha watu! Sijui kama mtu mwenye njaa anataka kuchangamshwa.

Jumatano, 6 Septemba
Tulipita Kajiado mjini, lori likaacha lami. Mizoga ya ng'ombe kila mahali. Foleni iko kimya, hata watoto hawalii. Nilibeba magunia hadi mgongo ukakataa.

Halafu Tabitha, nesi wetu, akaniita kwa boma moja. Mama mzee, haoni, siku tatu hajala. Mwanawe Kuntai alipeleka ng'ombe upande wa Loitokitok mwezi wa sita, hajarudi. Niliinamisha kichwa anisalimie, vile Sironka, mkalimani, alinifundisha. Akaniwekea mkono. Akakipapasa. Akasema: Kuntai.

Tabitha akaninong'oneza nisikatae. Nikasema neno moja la Kimaasai ninalojua — yeyo. Mama.

Amekunywa uji kikombe kizima!

Jumamosi, 9 Septemba
Lorine hapendi. Eti kuigiza ni kwa jukwaa, si kwa mama wa mtu. Lakini si amekula?

Leo mama mzee alikuwa ananingoja. Niliongea Kiswahili, Sironka akigeuza. Nilifikiri atashtuka. Wapi! Akasema nimekaa na watu wa mbali hadi lugha imenitoka. Akauliza ng'ombe wako wapi. Nikabuni, kama mtu aliyesahau maneno mbele ya watu: wamebaki watatu, tuko kwa kisima cha mawe, mmoja mweupe amevunjika pembe ya kushoto, ndiye hulala karibu na mimi. Maneno yalikuja yenyewe. Sijawahi kuigiza vizuri hivyo. Hata kiu nilisikia.

Jumatano, 13 Septemba
Vijana wawili wamerudi kutoka malishoni. Sironka aliniambia tukishusha mahindi, bila kuniangalia. Wamempata Kuntai. Amekufa, labda wiki tatu sasa. Kando ya kisima cha mawe. Ng'ombe mmoja tu ako hai, amelala karibu naye. Sikuuliza rangi. Aliniambia tu. Na pembe pia.

"Ulijua aje?"

Sikujua! Nilibuni!

Tabitha anasema ni bahati, ng'ombe weupe ni wengi na pembe huvunjika. Lakini leo hakusimama karibu na mimi. Wanawake kwa foleni pia waliacha nafasi mbele ya gunia langu.

Wazee wamesema mama asiambiwe mpaka apate nguvu kidogo. Sikuingia kwake. Nilisema tumbo linaniuma.

Jumamosi, 16 Septemba
Mama hajala tangu Jumamosi ile. Maji peke yake. Tabitha alinibembeleza, basi nikaingia nimeinama, Sironka mbele yangu. Nje jua la saa sita, ndani giza na moshi. Nikasema, yeyo. Hakuninyooshea mkono.

Aliongea polepole, Sironka akigeuza. Anajua mimi si Kuntai. Alijua siku ile ya kwanza — kichwa changu ni kikubwa. Alikubali kwa sababu Kuntai aliingia nyuma yangu. Mara zote mbili. Jumatano sikuingia, na yeye pia hakuingia.

Akaongeza kitu. Sironka hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Anasema umwambie akaribie. Asisimame hapo mlangoni."

Mlango ulikuwa nyuma yangu. Sironka alikuwa anaangalia chini. Mwangaza ukapungua, vile hupungua mtu akiinama kuingia.

"Tabitha?" nikaita.

Akaitika kutoka kwa lori, mbali kabisa.

Sikugeuka. Nilingoja hadi mwangaza ukarudi, ndio nikatoka, mbio.

Sijamwambia Lorine. Ako jikoni, anauliza mbona siongei.

Uji, mama amekataa. Amesema atakula Jumatano, tukija wote wawili. Tabitha anasema mwili wake hauwezi kungoja zaidi ya hapo. Nisipoenda, hatakula. Nikienda — nani atatangulia kuinama pale mlangoni?