Dume Yuko Kwangu

Madras, 9 Juni 1994

Mama,

Shikamoo. Miguu imeacha kuvimba? Mimi mzima, macho tu yamechoshwa na hadubini.

Yule buibui mrukaji uliyemnasa ukichuma chai, ukamtia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, hayumo katika michoro yoyote ya Asia niliyoipata. Ni jike, mdogo kama punje ya mchele. Nimempa jina lako: pechiammae. Ile e ya mwisho, kwa Kilatini, huonyesha kuwa mwenye jina ni mwanamke.

Profesa wangu amelikata kwa wino mwekundu. Anataka la mwenye shamba. “Binti, ndiye aliyeturuhusu kuingia.”

“Na mama yangu, aliyemwona?”

“Mchuma chai akae kwenye majani.”

Anasema pia kwamba jike peke yake hatoshi. Bila dume hachapishi.

Sikubali.

Mwanao,
Kayalvizhi

Munnar, 20 Juni

Kayal mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ileile, mvua imezidi. Unakula?

Mwachie. Nyumba hii ni ya shamba, na msimamizi ameshauliza unasomea nini huko. Kwenye daftari la mizani ya chai mimi ni namba 412 tu, bila jina, na sijafa. Buibui mwenyewe hajui anaitwaje.

Mamako

Madras, 2 Julai

Mama,

Shikamoo. Buibui hajui, ila wewe utajua. Nimekataa kutia saini makala yenye jina la mwenye shamba. Nimenyang'anywa ufunguo wa maabara. Profesa anakuja huko kutafuta dume.

Mwanao

Munnar, 11 Septemba

Kayal,

Sijambo, na miguu usiiulize.

Walikuja. Siku nne wanapiga vichaka juu ya miavuli iliyopinduliwa, ili buibui waangukie humo; wakaondoka na ruba miguuni. Profesa akanijia: “We mama, umewahi kuona kabuibui kanakoruka?” Nikamwambia, “Mimi nakaa kwenye majani tu, bwana.” Hakushtuka. Wala hakuniuliza jina. Hapo ndipo nilipokasirika.

Dume hutoka mvua ikipungua, chini ya majani makuukuu tusiyoyachuma. Nimemnasa jana. Ana masharubu meupe, anainua miguu kama bwana harusi anayeogopa wakwe. Yumo kwenye spiriti niliyopewa na muuguzi.

Simtumi kwa posta. Mwambie profesa dume yuko kwangu. Akimtaka, aje na jina limeandikwa kwa mkono wake, na ile e iwepo. Msimamizi akitaka nyumba, aichukue. Chupa nitatoka nayo.

Kikaratasi nimekiandika ulivyonifundisha: mahali, tarehe, aliyekusanya. Hapo pa mwisho sikuandika 412.

Mamako,
Pechiamma