Chumba cha Mpira Kimenila Mkono

S.L.P. 27,
Kathonzweni, Makueni.
14 Agosti 1993

Mpendwa mdogo wangu Ndila,

Hujambo huko Gaborone? Baridi imekuachia? Shemeji Mutie na watoto wako salama? Sisi huku ni wazima, Mungu anatuweka. Mwaitu sasa anatembea bila fimbo, na tangu alipoona picha yako anasema yeye hakuzaa mtu aliyekonda hivyo. Nimemwambia ni yeye aliyekuzaa na ni picha tu, lakini hasikii.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimefurahi umepandishwa cheo, ila pale uliposema umepelekwa chumba cha mpira, kumsaidia daktari anayeangalia matumbo, nilitafuta kiti. Mimi nimekaa chumba cha aina hiyo miaka sita hapa hospitali ya kanisa. Kwa hivyo soma pole pole, na usiseme Nzilani ameanza tena kunihubiria.

Kazi yenyewe umeshaiona. Mgonjwa analala ubavu, anameza ule mpira mrefu, daktari anachungulia kwa jicho moja kwenye kichwa cha mashine. Wewe umeinama, umemshika mgonjwa kichwa pamoja na kile kipande cha plastiki anachouma ili asitafune mpira. Hapa tulikuwa na wagonjwa kumi na wawili kila Jumanne, wengine wametoka mbali kama Tseikuru. Kitanda kilikuwa cha chini, na Daktari Musyoka ni mrefu kama nguzo ya stima. Ikifika jioni ukimwita anageuka mwili mzima, shingo imekataa.

Mimi mkono wa kulia ulianza kufa ganzi mwaka jana. Nilinyamaza. Nilijiambia mgonjwa ni yule aliyelala, si mimi niliyesimama. Tena niliogopa metroni angenihamisha, na hiyo kazi naipenda, Ndila, wewe unajua.

Mwezi wa tano mkono ukaachia. Tulikuwa na Mzee Hirsi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini. Kile kipande cha plastiki kilitoka mdomoni mwake na vidole vyangu havikusikia kitu. Mzee akauma mpira. Mpira wetu ni huo mmoja tu. Ukitoboka, watu wa huku wote ni kwenda Nairobi, na wengi hawatafika. Tuliutoa, tukaupuliza hewa ndani ya beseni la maji, tukakaa kuangalia kama utatoa povu. Haukutoa. Nilikaa sakafuni nikalia.

Ndipo nikasema ukweli. Nilijua Daktari atanifokea. Badala yake alivua glavu, akaninyooshea kidole gumba cha kushoto, kile cha kuendeshea mashine.

"Hiki sikisikii tangu Krismasi," akasema. "Nilikuwa nakuficha wewe."

Basi tukaanza kutengeneza. Seremala aliinua kitanda kwa vigogo mpaka kikafika kwenye kiwiko cha Daktari, mimi nikapewa kibao cha kusimamia. Wagonjwa tukapunguza wakawa wanane, na kushika kichwa tukawa tunapokezana na Kavata, muuguzi mwenzangu. Ukabaki uzito wa kile kichwa cha mashine, ambacho Daktari hukishika mkononi kutwa nzima. Nikaenda nyumbani nikachukua mukwa wa Mwaitu, ule mkanda wa ngozi wa kubebea maji. Sasa sikia ujinga wangu. Nilimvalisha Daktari kwenye paji la uso, vile sisi tunabeba mtungi mgongoni, halafu nikafunga mashine kwa mbele. Kichwa chake kilivutwa chini kama cha mbuzi anayekunywa maji. Kavata alicheka mpaka akatoka nje. Tulipoupitisha begani ndipo ukakaa sawa, na anautumia mpaka leo. Mwaitu anauliza kila Jumapili mukwa wake uko wapi.

Shingo ya Daktari sasa inageuka. Mkono wangu haujarudi. Amenipima, anasema mshipa wa fahamu ulibanwa muda mrefu na nilichelewa kusema. Kichwa cha mgonjwa sasa wanashika Kavata na mwenzake, mimi nakaa kwenye kiti nikiongea na mgonjwa asiogope. Inaniuma, sitakudanganya. Kwa hivyo wewe, siku ya kwanza ukisikia ganzi, sema siku hiyo hiyo. Na kesho ukiingia kazini, waambie wainue kitanda.

Nisalimie Shemeji, Jonah na Kasyoka mdogo. Mwaitu na Mjomba Mulei wanakusalimu, na kanisa lote linakuombea. Mungu akulinde, pamoja na mikono yako yote miwili.

Bila shaka umeona huu si mwandiko wangu. Anayeandika ni Kavata, na pale aliponicheka nilimlazimisha apaandike. Kalamu siwezi kuishika tena. Jina tu hapo chini ndilo nimeandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na limenichukua muda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Nzilani