Dola Zilizosuguliwa kwa Ndimu

Baba,

Nina hasira nawe, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Dola zako za fedha za Marekani, zote kumi na tisa za kwenye kisanduku, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mama amezisugua.

Unajua mwenyewe kwetu Mombasa khitma ya marehemu haisomwi vyombo vya fedha vikiwa vyeusi. Arobaini yako ilipokaribia, Mama alitoa sinia, mrashi na chetezo, akaona asiziache sarafu zako. Majivu ya kusugulia, hapa ughaibuni Sparkbrook, atayapata wapi? Akatumia ndimu na dawa ya meno. Aliniita nione, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nikasema, "Mashallah, Mama."

Mimi ulinifundisha. "Huo weusi ndio umri wa sarafu, mwanangu. Ukiutoa umeiua." Ukanifundisha kushika ukingoni, kwa vidole viwili, pumzi nimeibana. Sasa mbona Mama hukumwambia? Miaka yote hiyo kisanduku kiko chini ya kitanda chenu!

Jumamosi akaja Bwana Kirit, mwenzako wa Kisumu mliyekuwa mkikusanya naye. Alikuwa amekuwekea nafasi kwenye kabati la vioo, kwa maonyesho yao kule Moseley, na kadi yenye jina lako ilikuwa tayari. Mama akammiminia chai, akamsogezea kisanduku. Bwana Kirit akatoa ya kwanza, akaiangalia, akairudisha. Ya pili. Ya tatu hakuitoa. Akanitazama, nami nikamwomba kwa macho: usiseme, tafadhali usiseme.

"Dada, chai iko sawa kabisa," akasema.

Nilisikia basi likipita Stratford Road. Lakini Mama si mjinga, Baba.

"Nimeziharibu," akasema.

Mpaka sasa naona haya kwamba sikumjibu.

Mama akainuka, akaenda kwenye koti lako la kijivu, lile nyuma ya mlango. Hakubali lifuliwe, bado lina harufu yako. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile dola moja uliyokuwa ukitembea nayo mfukoni, ndani ya bahasha yake ndogo. Nikanyoosha mkono haraka, naogopa vidole vyake.

"Wacha. Nitaitoa mimi," Mama akasema.

Akaitoa, nyeusi vilevile ulivyoiacha. Aliishika ukingoni, kwa vidole viwili, pumzi ameibana, mpaka mkononi mwa Bwana Kirit. Hukumfundisha hata siku moja. Kumbe miaka yote alikuwa akikutazama.

Nililia, Baba. Bwana Kirit naye akajifanya anatafuta miwani.

Hiyo ndiyo itakayokaa kabatini, peke yake, juu ya kadi yenye jina lako. Zinazong'aa ziko sebuleni kwa Mama, na nakuahidi hakuna mtu atakayekanyaga nyumba hii amwambie zina kasoro. Pumzika sasa. Hasira imepungua kidogo, haijaisha. Ikiisha nitakuja kaburini nikwambie, na Mama nitamleta.

Binti yako,
Salma