Ufunguo wa Lavra

Mtaa wa Jerivá, nyumba 212,
Blumenau.
18 Agosti 2014.

Mpendwa Binamu Arnildo,

Hujambo huko Rondônia? Mkeo Neusa hajambo, na lile goti lake linamruhusu kutembea? Wajukuu je? Sisi huku tupo, tunavuta pumzi. Baridi ya mwaka huu imeniingia mifupani, presha inapanda na kushuka itakavyo, na daktari amenikataza kahawa. Nakuandikia nikiwa na kikombe cha kahawa mezani, usimwambie mtu.

Najua miaka tisa ni mingi bila barua. Usiitupe hii kabla hujafika mwisho, nakuomba.

Nianze na kubwa. Wenye Lavra wametutelekeza kabisa. Kampuni ile tuliyonunua kwake ilinunuliwa, iliyoinunua nayo ikanunuliwa, na hawa wa sasa wako São Paulo na hawajui hata kama wanamiliki lugha ya programu inayoitwa Lavra. Mwezi Juni nilipiga simu. Nikasikilizishwa muziki dakika arobaini, halafu binti mmoja mwenye sauti ya asali akaniuliza, "Hiyo Lavra ni ya simu ya mkononi, mama?" Nikamwambia, "Mwanangu, Lavra imekuzidi umri." Akacheka, akanipa namba ya ombi langu, tarakimu kumi na moja. Hadi leo hakuna aliyenijibu. Nimechoka, Arnildo. Sijui nimechoka nao au nimejichoka mwenyewe.

Watu wa Lavra tuliobaki hapa mjini ni sita. Tunakutana kwa Wilmar kila Jumamosi kama zamani, tunakula cuca, ile keki ya ndizi, tunailaani kampuni, tunarudi nyumbani. Zamani tulibishana kuhusu programu, siku hizi tunabishana ni dawa gani ya presha isiyoleta kizunguzungu.

Unavikumbuka vile vidude vyeusi vya kuchomeka nyuma ya kompyuta, tulivyoviita funguo, ambavyo bila hivyo Lavra haikubali kufanya kazi? Hawavitengenezi tena. Vyetu vilikufa kimoja kimoja hadi kikabaki kimoja tu. Basi tukawa tunapokezana, kila mtu siku tatu. Wilmar na useremala wake akakitengenezea kijisanduku cha mbao chenye vilango viwili, sawasawa na kile cha sanamu ya Mama Bikira Maria kinachozunguka nyumba kwa nyumba, na nyuma ya kilango kimoja akabandika orodha ya zamu. Siku hiyo tulicheka hadi machozi. Laiti tungejua.

Maana mwezi Julai zamu ya Wilmar ilifika naye hayupo, sanduku akalipokea mama yake, Bi Hedviges. Ana miaka themanini na tisa sasa, macho yamekwisha. Maisha yake yote, sanduku la namna ile likiingia nyumbani, huliweka mezani, hufungua vilango, huwasha mshumaa na kusali rozari. Akafanya vivyo hivyo. Mshumaa akausogeza karibu kabisa, kwa heshima. Wilmar aliporudi alikuta ufunguo umeyeyuka kama jibini, na mama yake yuko fungu la nne la rozari.

Alinipigia simu huku akihema, nikamuuliza, "Kuna nini? Nani kafa?"

"Lavra," akasema. "Mama kaichoma kwa mshumaa."

"Acha utani wako, Wilmar."

"Ningekuwa na nguvu za utani, Ivone, ningemtania mwingine."

Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi wa watu. Zamu ya Wilmar ikifika tunampelekea sanduku kama kawaida, na lile donge la plastiki ndani, naye anasali. Anasema anatuombea kazi yetu iende vizuri.

Sasa sikia linalonikosesha raha. Programu ya mafuriko bado ni ile ile niliyoandika na wewe kwa Lavra; kwa kuwa ilishaundwa, inaenda hata bila ufunguo. Mto ukianza kupanda, chama cha majirani kinatoa orodha: nani anakaa bondeni, nani hawezi kutembea, nani afuatwe kwanza kwa mtumbwi na apelekwe ukumbi gani. Wakati wa mafuriko ya mwisho iliwatoa watu mia mbili na kumi, hakuna hata mmoja aliyesahauliwa. Lakini mimi na wewe, kwa ujana wetu na kiburi chetu, tuliyaandika majina ya mitaa ndani ya programu yenyewe, kana kwamba mji ulishamaliza kujengwa! Ukitaka kuongeza mtaa mmoja sharti uiunde upya, na huwezi kuiunda bila ufunguo. Mwaka huu wamejenga mtaa mpya bondeni, nyuma ya kiwanda cha taulo. Familia arobaini na tatu. Kwa programu yetu watu hao hawapo duniani.

Mvua kubwa ni Oktoba. Wilmar anaiandika programu yote upya kwa lugha ya kisasa, amefika theluthi, na mikono yake inatetemeka. Mimi nimepita mlango kwa mlango na kuziandika zile familia arobaini na tatu kwenye daftari. Yuko mama mmoja, Zenaide, mwanawe anapumua kwa mashine. Akaniuliza, "Kwa hiyo na sisi tumo kwenye orodha, dada?" Nikamwambia wamo. Nilimdanganya, Arnildo. Siku ya maji watu hufuata orodha ya programu, nani atakumbuka daftari la bibi mmoja? Tena liko nyumbani kwangu, na unajua nyumba yangu nayo huingia maji.

Siku ile ya kikao chako cha mwisho nasi ulitwambia tuiache Lavra kungali mapema. Nikakuita msaliti mbele ya watu wote, mbele ya Neusa. Ukautia ufunguo wako mfukoni, ukaondoka. Ulisema kweli wewe. Haya, nimeandika kwa mkono wangu, msomee na Neusa. Mimi nilikosea na nimeona aibu miaka tisa. Na ninavyokujua, wewe hutupi kitu, hata meno yako ya utoto uliyaweka kwenye kopo, sembuse ufunguo.

Shangazi Irma anakusalimu, bado anapika supu ya kuku kila Jumatano na kulalamika kwamba hakuna wa kuila. Wilmar anakusalimu. Bi Hedviges anakuombea, ingawa anadhani bado una umri wa miaka ishirini.

Jambo moja la mwisho. Ile orodha kwenye kilango ina majina saba. Sita ni sisi, la saba ni lako. Wilmar alipoibandika nilimwambia, "Huyu si kahama?" Akasema, "Acha likae." Kila tulipofika kwako tuliruka. Safari hii sikuruka. Sanduku liko mezani kwangu, vilango wazi, na ni zamu yako.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, maji yasiwafikie.

Ni mimi binamu yako, niliyekupenda hata nilipokukasirikia,
Ivone