Mtani Aliyenipa Kazi Mara Mbili

Dakawa, Morogoro

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza, au unaificha ukingoja uumwe zaidi? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Simu nimeishika mara tatu nikaiweka chini, maana ningelia na wewe ungesikia. Basi nakuandikia.

Mama, ile kazi niliyokupigia simu nikakwambia nimepata, sina. Keti kwanza nikueleze.

Kampuni ni ya viungo, iko mjini Morogoro, inanunua mdalasini na pilipili manga kutoka Kinole, kule milimani. Walitaka mtunza ghala. Baada ya mtihani wa kuandika tulibaki sita. Wakatumwagia pilipili manga mezani, tutenganishe zilizokauka na zenye unyevu kwa kuuma tu. Niliuma mpaka ulimi ukafa ganzi, sikukosea. Tukabaki wawili, mimi na dada mmoja anaitwa Rehema.

Siku ya usaili wa mwisho meneja akasoma karatasi yangu, akavua miwani. "Mnyamwezi wa Tabora! Nyinyi wabeba mizigo mmeanza lini kushika kalamu?" Kumbe Mluguru, mtani wetu! Nikamjibu, "Tangu nyinyi mlipoacha kulima mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke milimani kwenu." Wenzake walicheka wakagonga meza. Akauliza michembe yake iko wapi, vile viazi vikavu vya kwetu, nikasema nimeila yote njiani, simlishi mwizi. Mama, nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Jioni akapiga simu. "Mtani, kazi ni yako. Jumatatu saa mbili." Ndipo nikakupigia wewe. Ndipo nikaacha kazi ya kinu cha mpunga hapa Dakawa, na msimamizi nikamwambia magunia yake abebe mwenyewe.

Jumatatu nikafika na shati la kuazima. Meneja ananisubiri getini na wenzake. "Mtani, nilikuwa nakutania! Kwani hunijui? Hatujachagua mtu bado." Wakacheka. Mlinzi naye akacheka. Na mimi nikacheka, mama. Ningefanyaje? Kwa mtani hakuna kununa, ukinuna wanasema hukulelewa. Nilicheka mpaka nje barabarani, kisha nikainama nikatapika.

Kinuni hawakunirudisha. Wiki mbili nimeishi kwa vibarua vya kuzoa pumba. Alhamisi iliyopita meneja akapiga tena, sauti ya upole, eti wakubwa wamepitisha jina langu, eti nifike kesho yake na vyeti. Nikamwambia, "Kamtanie mama yako mzaa chema!" nikakata. Akapiga tena, sikupokea. Akatuma ujumbe, nikaufuta bila kuusoma.

Jana Rehema kaja kunitafuta. Kazi kapewa yeye. Anasema Ijumaa walinisubiri mpaka adhuhuri ndipo wakampigia, na alipofika aliukuta mkataba mezani una jina langu. Wakauchana mbele yake. Safari hii yule bwana hakuwa anatania. Rehema alikuwa amenibebea na wali kwenye kibakuli, kwa huruma. Nikaula wote. Njaa mwana malegeza.

Sasa nisikilize. Najua umeshamwambia mdogo wangu Mwajuma aache kupika kwa watu aje nimsomeshe ushonaji. Asipande basi. Mrudishe kwa yule mama aliyekuwa akimpikia akamwombe radhi, hata kwa magoti. Mwambie kaka yake anajua alichomfanyia.

Msalimie shangazi anayeuza asali sokoni, na bibi mzaa baba, mwambie namwota. Mjomba Saidi mpe salamu pia, lakini mwambie nilifeli usaili, basi, usiongeze neno. Akijua ukweli atacheka mpaka aanguke kitini, kisha ataanza kuwasimulia jirani. Ndiye aliyenifundisha utotoni kwamba mtani hakasirikiwi.

Mimi nimekasirika, mama. Na sina wa kumkasirikia ila mimi.

Mwanao akuombeaye afya,
Ramadhani