Wateja wa Mwezi wa Kumi na Tatu

Jumatano, 23 Nehase

Leo Etete Yeshimebet ameambiwa hayupo.

Alisimama mapokezi, shuka lake zito limelowa mvua, akauliza kesi ya nyumba yake itaitwa lini mahakama zikitoka likizo. Msichana akaandika jina kwenye kompyuta. Akatafuta. Akatafuta tena. Kisha akamwambia, kwa adabu zote, kwamba si mteja wetu. Si mteja wetu! Mimi ndiye wakili wake, nimesimama naye mbele ya majaji wawili, mmoja akastaafu katikati ya kesi.

Ni hii programu mpya ya ankara. Bekalu, aliyerithi ofisi hii kwa baba yake, ameileta kwa sababu ofisi ya Addis Ababa tunayoungana nayo mwaka mpya inatumia hiyo. Na mkataba unasema wazi: atakayekuwa ndani ya programu siku ya mwaka mpya ndiye atakayehamia nasi. Asiyekuwemo atafute wakili mwingine. Mwanamke wa umri ule, na jirani tajiri anayemsogezea ukuta kila kiangazi!

Yeye alicheka tu. "Kama nimekufa mngeniambia mapema, mwanangu, nisingepanda mlima huu wote."

Alhamisi, 24 Nehase

Si yeye peke yake. Nimewatafuta ninaowakumbuka: fundi viatu aliyevunjwa mguu na lori, mjane wa dereva, shemasi mwenye kiwanja. Hakuna hata mmoja. Wote hawa maskini. Matajiri wetu wamo, wameandikwa vizuri mpaka namba za simu za wake zao.

Nikamvamia Bekalu ofisini. Nikamwambia amewafagia maskini wa baba yake ili Wana-Addis wapokee nyumba safi. Nikaongeza mengine. Akasubiri nimalize.

"Dada Asele, ukiandika makala gazetini unatafuta ushahidi kwanza. Mimi ushahidi wangu uko wapi?"

Nimebamiza mlango. Bado nusu yangu inaamini ni yeye.

Ijumaa, 25 Nehase

Si yeye. Lo, inaudhi.

Amekuja Senait, fundi aliyehamisha kumbukumbu kutoka programu ya zamani. Mwanamke mpole, anatafuna shayiri ya kukaanga huku anafanya kazi. Akafungua sehemu ambako programu hutupa kumbukumbu ilizozikataa — wamo! Etete, fundi viatu, mjane, shemasi, na wengine niliowasahau, Mungu anisamehe. Kila mmoja alifunguliwa faili mwezi wa Pagume, ule mfupi wa kufunga mwaka wetu. Programu inajua miezi kumi na miwili tu. Ilipokuta wa kumi na tatu, ikawatupa na siku zao tano.

Watu fulani mahali fulani wamechukua mwaka wao, wakaupiga muhuri kuwa ndio mwaka wa dunia, wakatuuzia. Na sisi tukanunua, tena kwa mkopo! Nitaliandika hili gazetini.

Lakini usiku huu sina hasira ya kutosha. Namfikiria Gashe Worku, baba yake Bekalu. Pagume haina mshahara, kila mwajiri nchini anajifanya siku zile hazipo. Yeye akasema, basi na mimi sizihesabu. Atakayeingia mlango huu Pagume, hatalipa chochote, toka mwanzo wa kesi yake mpaka mwisho. Nilimkuta na desturi hiyo nilipokuja na shahada mbichi na mdomo mrefu. Moto wa mkaratusi kwenye jiko la bati. Benchi limejaa, mashuka yanatoa mvuke, kahawa inazunguka. Naye akimsikiliza mwanamke mmoja asubuhi nzima, kalamu imefungwa, kama mtu anayesikiliza redio. Nilimwambia huo si uanasheria, ni kanisa. Akasema nikalete kuni.

Sijawahi tena kufanya kazi mahali penye joto namna ile.

Jumatatu, 28 Nehase

Tatizo halijaisha. Limegeuka.

Senait anasema kuwarudisha ni rahisi: wape mwezi mwingine, Nehase kwa mfano, huu wa kumi na mbili, na programu itawapokea. Lakini ikishawapokea itawatoza, kama mteja yeyote, tangu siku faili lilipofunguliwa. Nikamwambia hawa hawalipi. Akauliza imeandikwa wapi.

Tumetafuta siku nzima. Haikuandikwa popote. Gashe Worku hakuandika, mimi sikuandika, makarani hawakuandika. Kwa nini tuandike? Ile tarehe ilitosha. Nani hapa mjini Dessie angeona Pagume kwenye faili letu kisha aulize ada? Hata programu ya zamani, aliyotutengenezea mwalimu wa hesabu wa mji huu, yenye herufi za kijani, ilikuwa na miezi kumi na mitatu, na wa mwisho haukuwa na safu ya malipo. Leo ukiibadili tarehe, unafuta ahadi yenyewe.

Bekalu alisema, "Baba aliacha tabia, hakuacha maandishi. Addis watataka maandishi."

Nikamjibu kwamba mila hutangulia maandishi katika kila sheria niliyoisoma, nami nimesoma nyingi kuliko yeye. Akakubali nimesoma nyingi. Kisha akasema mteja asiye na ada ndiye Addis watakayemkata kwanza, bora awe na ada hata ndogo abaki. Hoja nzuri. Nimemchukia kwayo mpaka jioni.

Alhamisi, 1 Pagume

Wamekuja, kama kila mwaka. Benchi limejaa kabla sijavua koti. Bekalu alipita akamsalimu kila mmoja, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, kama baba yake kabisa. Kisha akajifungia. Majina yao nayaandika kwa mkono, programu haina pa kuwaweka.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi Senait atawarudisha wale wa zamani kwa mwezi wa Nehase, kisha papo hapo ataweka sifuri kwenye ada ya kila mmoja. Bekalu ametia saini. Sikutarajia.

Jumamosi, 3 Pagume

Siku ya Malaika Rufaeli, ambayo mvua yake ni baraka. Mvua imeanza asubuhi, na mji wote umetoka kuioga, watoto uchi, wazee na kaptula. Mimi na Bekalu tulisimama dirishani. Siku kama hii Gashe Worku alikuwa akitundika tai yake kwenye msumari wa mlango, anatoka uani na uso juu, mdomo wazi.

"Alikuwa akitulazimisha na sisi," Bekalu alisema.

"Wewe ulikuwa unalia."

"Maji yalikuwa baridi, dada."

Tulicheka. Miaka mingi hatujacheka pamoja.

Senait akabonyeza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya jingine, la Etete likiwemo. Nilipiga makofi. Kisha Senait akaacha kutafuna. Programu ikishampokea mteja, inapiga hesabu ya miaka yote na kumtumia ankara kwa simu, yenyewe, bila kuuliza mtu. Senait hakulijua hilo, Bekalu pia. Sifuri zilikuwa bado hazijaingia. Ankara zimeshaenda, zote.

Bekalu ameketi, kichwa mikononi. Senait anaweka sifuri, haraka haraka, na haisaidii lolote kwenye simu za watu.

Etete Yeshimebet amefika sasa hivi, amelowa kuanzia kichwani, simu kaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Hajui kusoma.

"Imelia nikiwa naoga mvua. Nikasema huyu ni Asele wangu, kanitumia heri za mwaka mpya. Hebu nisomee, mwanangu, na taratibu, nisikie vizuri."

Nimemwambia nimeacha miwani chumba cha pili. Naandika haya chumba cha pili, miwani usoni, simu yake mezani. Namsikia akiwaambia wenzake wa benchi wasogee, wasikie na wao.